Waja Leo, Waondoka Leo: Maziwa na Joto la Tanga

Hotuba kwa wafugaji na wachuuzi wa maziwa, Pongwe, Tanga. Nimeiandika upya kutoka kwenye karatasi zangu, pamoja na yale yaliyonitoka nje ya karatasi.

Asalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, akina baba, na nyie vijana wa bodaboda mliosimama mlangoni kama watu wenye safari, habari za asubuhi.

Kabla sijafungua karatasi yangu, tazameni hapa mezani. Kuna chupa mbili. Maziwa yaliyomo ni ya ng'ombe mmoja, yamekamuliwa leo saa kumi na moja na nusu alfajiri, kwa mkono mmoja, kwenye ndoo moja. Chupa ya kwanza nimeileta ndani ya deli lenye barafu. Ya pili niliiweka kwenye kikapu tu, ikaja na daladala pamoja nami. Kijana, hebu nisomee kipimajoto. Ya deli, nyuzi 5. Ya kikapu, nyuzi 31. Ahsante. Ya deli irudishe, ufunge vizuri. Ya kikapu iache hapo hapo mezani itusikilize. Sasa hivi ni saa tatu na nusu.

Mji wetu una msemo ambao kila mgeni huambiwa akishuka stendi: waja leo, waondoka leo. Mimi nimefanya kazi ya kupokea maziwa miaka mingi, kwenye kituo ambacho sitakitaja, na nawaambieni msemo ule ulitungiwa maziwa. Mtu anaweza kuja Tanga kwa siku mbili akanogewa akakaa miaka thelathini, tunao humu ndani, tunawajua. Maziwa hayawezi. (Vicheko.)

Niwape kisa. Ilikuwa Februari, joto la kaskazi limepamba moto. Kuna mzee alikuwa akileta lita kumi na mbili kila asubuhi kwa baiskeli. Mtu nadhifu, keni yake unaweza kujitazama uso. Siku hiyo nikafungua kifuniko, nikanusa: hakuna kitu. Nikatumbukiza laktomita, ikasimama panapotakiwa, kwa hiyo hakuna maji yaliyoongezwa. Nikachota kidogo nikatia kwenye kiglasi, nikaongeza spiriti ya kupimia kiasi kile kile, nikatikisa, nikainua kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye ukuta wa kiglasi zikabaki chenga ndogo ndogo, kama sembe iliyokorogwa kwa maji baridi. Nikamwaga, nikasuuza, nikarudia. Chenga zile zile.

"Mzee wangu, leo siwezi kuyapokea."

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mwanangu, haya nimeyakamua leo leo, kwa mkono wangu. Yamelala wapi?"

"Hayakulala, mzee. Yametembea juani."

Tukakaa kwenye benchi, akanisimulia. Tairi lilipasuka njiani. Akasubiri fundi kwa muda wa saa mbili na nusu chini ya mwembe. Yeye alikaa kivulini, na keni ikabaki kwenye keria ya baiskeli, upande wa jua. Hakuwa na kosa la uchafu wala la maji. Alikuwa anahesabu umri wa maziwa kwa saa, kama tunavyohesabu sote.

Ninachotaka kuwaambia leo ni hicho hicho alichonifundisha yule mzee bila kukusudia. Umri wa maziwa hauhesabiwi kwa saa, unahesabiwa kwa joto. Maziwa yaliyokamuliwa jana jioni yakapozwa sawasawa ni machanga kuliko ya alfajiri ya leo yaliyokaa juani. Ukilishika hilo, mambo mengi tunayolaumiana kituoni, mara mpokeaji ana roho mbaya, mara jirani ana kijicho, yanapata maelezo.

Maziwa yanatoka kwenye kiwele yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, nyuzi 38 hivi. Bakteria wengi wanaochachusha maziwa wanastawi kati ya nyuzi 20 na 40. Yaani tunawakabidhi chakula kikiwa tayari kwenye joto wanalolipenda, tena kwa hapa Tanga hata kikikaa nje usiku kucha hakipoi kiasi cha kuwasumbua. Wanakula sukari ya maziwa, ile laktosi, wanatoa asidi ya laktiki. Maziwa mazima yana pH, kile kipimo cha uchachu, ya 6.7 au karibu na hapo. Asidi ikiongezeka, pH inashuka, na protini zinaanza kuyumba. Hapo ulimi bado haujahisi kitu, lakini spiriti inaziona, ndiyo zile chenga. Ikishuka zaidi, maziwa yakibandikwa motoni yanakatika. Ikifika 4.6 hivi yanaganda yenyewe hata bila moto. Mama anayesema "nimeyachemsha yakakatika, gesi hii ina moto mkali" anaionea gesi. Maziwa yalikuwa yameshaharibika, moto umeyaumbua tu.

Sasa tupige hesabu, ya ubaoni. Mahali pa joto, kijidudu kimoja kinaweza kugawanyika kikawa viwili kila dakika 20 hivi. Baada ya saa moja vipo 8. Saa mbili, 64. Saa tatu, 512. Saa nne, 4,096. Mnaona inavyokwenda: saa ya kwanza hukupoteza chochote, ya nne umepoteza kila kitu, na wewe njiani hukuona tofauti.

Mama mmoja ameosha ndoo kwa maji ya moto na sabuni, akaianika kifudifudi kwenye kichanja. Tuseme maziwa yake yanaanza safari na bakteria 1,000 kwa kila mililita. Jirani yake kasuuza kwa maji ya baridi tu, yake yanaanza na 10,000. Mara kumi! Mnadhani huyu wa pili amepunjwa muda gani? Kwa mwendo ule wa dakika 20, saa moja na dakika chache. Basi. Ndoo chafu imemwibia saa moja ya barabarani. Nasema hivi kwa sababu kuna watu hapa wanafikiri usafi ukikamilika joto halina neno. Usafi unakununulia saa. Ubaridi unakununulia siku. Na mwenye vyote viwili ndiye anayekaa kwa raha.

Vijidudu havivai saa ya mkononi, hesabu yangu si msahafu. Pia maziwa mabichi yana walinzi wake: vipo vimeng'enya vinavyowazuia bakteria kwa muda baada ya kukamua. Kwa joto la kwetu walinzi hao wanachoka baada ya saa mbili tatu. Ukipoza mapema, wanakesha zaidi. Ndiyo maana yale masaa mawili ya mwanzo ni dhahabu, na ndiyo maana naumia nikiona keni imekamuliwa saa kumi na moja halafu inasubiri uani mpaka watoto waende shule.

Kwenye daftari langu la kupokelea, kurasa zenye alama nyekundu nyingi zilikuwa za Desemba mpaka Machi. Kusi likishaingia, Juni na Julai, alama zinapungua, watu wale wale, baiskeli zile zile. Mchana wa Februari hapa unapita nyuzi 32, na usiku haushuki sana. Sasa panda Lushoto, mita kama 1,400 juu ya bahari. Julai watu wanalala na mablanketi mawili. Bibi wa Lushoto akiacha maziwa dirishani jioni, asubuhi anayakuta mazima, na mtindi wake unachukua siku mbili kuganda. Sisi tunautaka ugande kesho, unaganda leo. Wale wa milimani wana jokofu walilopewa na Mungu, hawalipii umeme. Si ajabu jibini ya Irente inatoka kule juu, maana jibini inapoiva inataka nyuzi 10 mpaka 15 na subira ndefu. Ukijaribu kuivisha jibini kwenye chumba cha Ngamiani, kule mjini, utaivisha kitu kingine kabisa.

Na joto halisubiri ndoo. Linaanza kwa ng'ombe mwenyewe. Tanga tumezoea ng'ombe wa maziwa tangu katikati ya miaka ya 1980, ulipokuja ule mradi wa wafugaji wadogo kwa msaada wa Uholanzi, mtu anakopeshwa mtamba. Ushirika wa wafugaji na kiwanda cha Tanga Fresh vikafuata miaka ya 1990. Lakini Friziani asili yake ni nchi ya baridi. Joto likipita nyuzi 25 na hewa ikiwa nzito ya unyevu kama yetu, anaanza kutaabika: anahema mdomo wazi, anapunguza kula kwa sababu kusaga chakula nako kunamwongezea joto mwilini, maziwa yanapungua na mafuta ndani yake yanapungua. Halafu anatafuta pa kujipoza, analala kwenye tope pale maji yanapomwagika. Chuchu zinachafuka, ugonjwa wa kiwele unapata mlango, na wewe unaanza siku na zile 10,000 badala ya 1,000.

Kuhusu banda nina neno moja, nalisema kila mahali. Jamani, bati! Mtu akipata fedha kidogo jambo la kwanza anaezua makuti anaezeka bati, banda liwe la kisasa. Ingia chini ya bati la futi saba saa nane mchana uone. Makuti ya minazi yetu hii yanazuia jua na yanapitisha upepo. Ukiwa huna budi kuweka bati, inua paa, acha pande wazi, na kama unayo makuti yatandaze juu yake. Wageni watacheka. Ng'ombe hatacheka. Na maji ya kunywa yawepo kivulini mchana kutwa.

Tuje kwenye kupoza, maana hapa ndipo penye ugomvi.

Kuna mbinu watu hufundishana: funga keni kwa gunia lililoloa, upepo ukipita maji yanakauka na kuchukua joto. Ni kweli, na Dodoma inafanya kazi vizuri sana, kwa sababu Dodoma hewa ni kavu. Sisi tuko baharini. Kipimo chako ni khanga kwenye kamba. Siku ambayo khanga uliyoanika asubuhi imekauka kabla ya adhuhuri, gunia lako litapoza. Siku ya masika khanga inashinda na kulala mbichi, gunia nalo litakuwa gunia bichi tu. Sikatazi, nasema msilitegemee.

Kisima je? Maji ya kisima chetu yana nyuzi kama 27. Ukisimamisha keni kwenye beseni la maji ya kisima, ukakoroga maziwa kwa upawa safi, ukabadilisha maji mara mbili tatu, yatashuka kutoka 36 mpaka 29 kwa muda si mrefu. Yatakwama hapo, hayawezi kuwa baridi kuliko maji yenyewe. Wengi wakiona hivyo wanasema kisima hakisaidii, wanaacha. Wanakosea, na nitawaonyesha kwa barafu.

Ili kushusha lita 10 za maziwa kutoka nyuzi 36 mpaka 4 inayeyuka barafu karibu kilo 4, hata kabla hujahesabu joto linaloingia kutoka nje. Ukianzia kwenye 29, yaani kisima kimeshafanya kazi yake, unahitaji kilo 3. Kisima kimekuokolea karibu kilo nzima ya barafu, bure, kila siku. Barafu igandishe kwenye chupa za plastiki zilizofungwa, izungushe nje ya keni ndani ya deli au beseni. Msitie barafu ndani ya maziwa! Barafu ni maji. Ikiyeyuka laktomita itakusema, na maji yenyewe hujui yalichotwa wapi.

Sasa aibu yangu. Nilipopata friji ya kwanza nyumbani, mimi mtaalamu, mwenye kanzu nyeupe kazini, jioni moja nilikamua lita nane, nikachuja, nikafunga kwenye ndoo ya plastiki, nikaisukuma ndani ya friji nikaenda kulala. Asubuhi nikabandika ya chai. Yakakatika. Mume wangu akasema, "Basi hayo uliyokataa ya watu yamekulipiza." (Vicheko.) Nikatia kipimajoto katikati ya ndoo: nyuzi 17, baada ya saa kumi na moja za friji. Friji ya nyumbani imetengenezwa kutunza kilichokwisha poa. Inapoza hewa, hewa inapoza plastiki taratibu, plastiki inapoza maziwa ya pembeni, na katikati ya ndoo vijidudu wamekaa kwenye bafu la uvuguvugu wanapiga soga. Siku hizi napoza kwanza kwa kisima na barafu huku nakoroga, nagawa kwenye vyombo vya lita mbili mbili, ndipo friji. Na umeme ukikatika usiku, msifungue mlango kila dakika kwenda kuangalia kama kumekuwa na joto. Kwa kufungua ndiyo mnalikaribisha.

Jambo la maziwa ya jioni ni refu. Vituo vingi vinapokea asubuhi, ya jioni mtu anajua mwenyewe pa kuyapeleka. Asiye na ubaridi anamuuzia jirani, au anayagandisha mtindi. Mwenye ubaridi anayatunza, vizuri, halafu asubuhi anakuja kufanya kosa moja tu: anakamua maziwa ya nyuzi 37 anayamimina juu ya yale ya jana ya nyuzi 5, ili asafiri na keni moja. Nusu kwa nusu umepata keni ya nyuzi 21. Wale bakteria wachache waliokuwa wamesinzia usiku kucha umewaamsha na kuwaletea chai ya moto. Poza ya asubuhi kwanza, hata kwa kisima. Au tembea na keni mbili.

Na vyombo. Lile dumu la njano lililokuwa na mafuta ya kula, lenye shingo ambayo mkono hauingii, utalisuguaje? Ndani lina michubuko, na kila mchubuko ni nyumba ya vijidudu. Chombo cha maziwa kiwe cha chuma kisichoshika kutu au alumini, mdomo mpana, mkono uingie mpaka chini. Sina zaidi.

Kuna anayesema, mimi sina shida, nachemsha. Sawa. Maziwa ya kunywa yachemsheni, tena kwa sababu kubwa kuliko kuchacha: kuna kifua kikuu cha ng'ombe, kuna brusela, magonjwa yanayopita kwenye maziwa mabichi. Kiwandani wanapasha mpaka nyuzi 72 kwa sekunde 15, au 63 kwa nusu saa, kisha wanapoza papo hapo. Hilo "kisha wanapoza" ndilo sisi tunaliacha. Maziwa yaliyochemka hayakuwa chuma. Wale wanaochachusha wamekufa, lakini wapo wengine wenye mbegu ngumu zinazostahimili mchemko. Ukiyaacha mezani na joto la nyuzi 30, mbegu zinaamka, na sasa hakuna asidi ya kuwazuia. Maziwa ya namna hii yanaweza kuganda bila kuchacha, au kuwa machungu, au kuonekana hayana kitu kabisa huku yakiumiza tumbo la mtoto. Maziwa mabichi yakiharibika hupiga kelele, unanusa, unajua. Yaliyochemshwa yanaharibika kimya kimya.

Hapo hapo niseme juu ya chupa ya chai. Chai ya maziwa imewekwa alfajiri, saa nane mchana mtu anajimiminia, ni vuguvugu, anasema bado ina joto. Vuguvugu ndilo joto baya. Chupa ikizidi nyuzi 60 iko salama, ikishuka chini ya hapo inageuka kuwa kiota. Ikiwa mvuke hauonekani, pasha mpaka ichemke upya kama haijakaa, na kama imeshinda, mwaga. Na yale yaliyokwisha haribika msiyachemshe mkidhani mnayasafisha. Kuna bakteria wanaotoa sumu ambayo moto wa jikoni hauivunji. Bakteria wanakufa, sumu inabaki kwenye sufuria.

Mama mmoja aliwahi kuniuliza, mbona ya kwenye friji yakikaa wiki hayachachi, yanakuwa machungu na kunuka? Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa na maofisa. Kwenye nyuzi 4 wale wachachushaji wamelala, lakini wapo bakteria wa baridi, wanakwenda polepole, wanavunja mafuta na protini badala ya sukari. Kwa hiyo hakuna ukali wa ndimu, kuna uchungu. Ubaridi unapunguza mwendo, hausimamishi safari.

Magadi. Mnajua mnachofanya, na mimi najua, na kituo kinajua. Maziwa yameanza kuelekea kuchacha, mtu anadokoa magadi, asidi inazimwa, kipimo kinapita. Vijidudu hawajapungua hata mmoja, wamefurahi, umewaondolea kitu pekee kilichokuwa kinawabana. Na yanaacha ladha ya sabuni. Tuendelee, nisije nikataja mtu.

Nikiwa mtoto, Muheza, bibi yangu hakuwa na friji, barafu wala kipimajoto. Ya asubuhi yaliyobaki alichemsha, akayaacha mpaka kidole kinavumilia, akatia vijiko viwili vya mtindi wa jana kama chachu, akafunika kwa kawa. Kesho yake tuna mtindi mzito wa kulia ugali. Alichokuwa anafanya ni kuwahi. Alijua maziwa yatachacha tu kwa joto lile, akaamua yachachushwe na nani. Chachu njema ikiingia na jeshi kubwa, inatengeneza asidi upesi, na asidi ile inawafukuza wale wenye madhara. Mtu akinikabidhi maziwa ya jioni na hana barafu, namwambia fanya kama bibi, leo leo, yakiwa bado mazima. Mtindi wa maziwa yaliyokwisha haribika si mtindi, ni ushahidi.

Ila kaskazi linamsumbua hata bibi. Mtindi ukikaa mno kwenye nyuzi 32 unakuwa mkali, unatoa maji juu, na ukiona mapovu na harufu ya zizi, hapo kuna uchafu ulioingia, usimpe mtu. Kiangazi aliufunika jioni sana badala ya mchana, na akauonja alfajiri. Ukifika anapotaka, anaupeleka kwenye mtungi kwenye kona yenye kivuli. Kusi likivuma, chungu alikiviringisha blanketi. Hakujua neno bakteria. Alijua majira.

Utando aliukusanya kwenye kibuyu, akasukasuka mpaka siagi ikajitenga, halafu akaichemsha taratibu mpaka mlio ukaisha. Mlio ule ni maji yanaondoka. Ukikatika, imekuwa samli. Siagi ina maji ndani, kwa joto letu inayeyuka na haichukui siku nyingi inaanza kuchachuka. Samli haina maji ya maana, na bila maji vijidudu hawawezi kuishi, ndiyo maana chupa ya samli inakaa kabatini miezi, ikiyeyuka mchana na kuganda kidogo usiku wa Julai, wala haina neno. Adui yake ni mwanga na hewa, inachuja ladha. Funga, weka gizani. Na usichovye kijiko kibichi. Bibi alimchapa binamu yangu kwa kijiko kibichi, nami nilimwona ameonewa mpaka niliposoma chuoni.

Maswali yalikuwa mengi, nimeyajibu hapo hapo na sitayaandika yote. Mmoja aliuliza kuhusu kubeba kwa bodaboda. Nilimjibu: keni nyuma, imefunikwa kwa gunia jeupe au kitambaa cheupe kilicholowa, maana chuma kikipigwa jua la saa tatu kinaunguza mkono, usisimame kunywa supu, na abiria asiikalie. Mwingine akauliza kama mvua za siku hizi zisizoeleweka zinahusika. Zinahusika sana kupitia majani: masika yakichelewa, nyasi zinakauka, ng'ombe anapungua maziwa huku joto limeongezeka, na mtu mwenye lita nne badala ya kumi haoni sababu ya kununua barafu. Hapo ndipo watatu wanne wa kijiji kimoja wakishirikiana deli moja inakuwa nafuu.

Sasa, saa nne na dakika ishirini. Kijana, njoo na kiglasi. Anza na ya deli. Kiasi sawa na spiriti, tikisa, inua juu waone. Laini, imeteleza ukutani kama maji ya rangi. Suuza. Haya, ya mezani. Pima joto kwanza: 31, haijasogea. Nusa. Hujasikia kitu? Mpe na mama pale anuse. Naye hajasikia. Mimina, tikisa, inua.

Sogezeni shingo, wa nyuma pia. Mnaziona? Chenga ndogo, upande wa kulia, karibu na kidole chake. Muda wa saa nne na dakika hamsini tangu kukamuliwa, hajapigwa jua, hajapasuka tairi, amekaa kivulini anasikiliza hotuba.

Haya ya deli yapo lita moja kasoro. Nani amebandika maji ya chai?